Pawa saplai ya wati nyingi haipimwi kwa kuwasha tu, inapimwa ikiwa na mzigo

Watu wengi wakipata pawa saplai kubwa (kile kisanduku cha kompyuta kinachogeuza umeme wa ukutani kuwa volti ndogo za vifaa vya ndani), iwe ya wati 850, 1000 au hata 1600, mpya au iliyotumika, wanachofanya ni kuchomeka, kuwasha, feni ikizunguka basi wanasema iko poa. Hapana jamani. Feni kuzunguka kunakwambia kitu kimoja tu, kwamba kuna umeme unafika kwenye feni. Kupima pawa saplai kubwa bila mzigo ni sawa na kumpima mchukuzi akiwa amekaa kivulini, hujajua bado akibebeshwa gunia magoti yatashika au la. Na hizi za wati nyingi zinanunuliwa kwa ajili ya kadi za grafiki zinazovuta umeme kwa fujo, kwahiyo ubovu wake hauonekani ukiwa umefungua ukurasa wa intaneti tu, unaonekana katikati ya gemu au katikati ya kurenda (kuchakata na kutoa) video ndefu, mashine inazima pap na kazi yote imepotea.

Kabla ya yote, usiifungue. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu kuna watu mkono unawawasha kushika bisibisi. Ndani kuna kapasita kubwa, kifaa kinachohifadhi chaji ya umeme, inayobeba karibu volti 400 za DC, na chaji hiyo inaweza kubaki hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Vipimo vyote nitakavyoeleza hapa vinafanyika nje, kwenye plagi zake, hamna sababu ya kugusa ndani. Kifuniko kifunguliwe na fundi wa elektroniki anayejua kutoa chaji, basi.

Vitu vya kuwa navyo: maltimita ya kawaida ya dijitali, kipande cha waya au klipu ya karatasi, na kama unaweza kupata, ile mita ya kuchomeka ukutani inayoonyesha wati zinazovutwa. Hii ya mwisho watu wanaidharau ila kwa pawa saplai kubwa mi naiona ni ya lazima, utaona kwanini.

Soma lebo kwanza

Lebo ya pembeni inakwambia mengi kabla hata hujachomeka. Usiangalie namba kubwa ya wati iliyochapwa kwa mbwembwe, angalia mstari wa +12V na ampea zake, alafu zidisha kwa 12. Pawa saplai ya wati 1000 ya kisasa iliyotengenezwa vizuri itakuwa na ampea kama 83 kwenye 12V, ambapo 83 mara 12 ni wati 996, yaani karibu nguvu yote inapatikana kwenye 12V. Hapo ndo prosesa na kadi ya grafiki zinapokula. Sasa ukikuta imeandikwa wati 1000 lakini 12V ina ampea 50 tu, hiyo kwa kompyuta ya leo ni pawa saplai ya wati 600, hizo nyingine zimejumlishwa kutoka 5V na 3.3V ambazo hakuna kitakachozitumia kwa kiasi hicho. Kama lebo ina mistari kadhaa ya 12V usijumlishe ampea zake mwenyewe, tafuta jumla ya wati za 12V iliyoandikwa chini yake.

Na ile beji ya 80 PLUS, iwe Gold au Titanium, inazungumzia ufanisi tu, yaani umeme kiasi gani unapotea kuwa joto. Haisemi volti zitatulia, haisemi ulinzi wake unafanya kazi. Ni ishara nzuri ila sio kipimo.

Upande wa ukutani

Pawa saplai ikitoa wati 1000 kwa ufanisi wa asilimia 90 inavuta kama wati 1111 ukutani. Kwenye umeme wa volti 230 hiyo ni karibu ampea 5, kwenye volti 115 ni karibu ampea 10. Sasa mtu anachukua ekstensheni nyembamba ambayo tayari ina televisheni na pasi, anapima, mashine inazima, analaumu pawa saplai. Chomeka moja kwa moja kwenye soketi nzima yenye ethi, tumia waya wake uliokuja nao, sio ule mwembamba wa monita ya zamani. Zile kubwa zaidi utakuta zina tundu pana la ampea 16, msizibadilishie plagi kwa kuunga unga. Na kwenye nchi za volti 100 hadi 120 soma lebo vizuri, maana baadhi ya hizi kubwa sana zinatoa wati pungufu kwenye umeme huo.

Kuhusu nyaya za ndani: kama ni modula, yaani nyaya zinachomoka upande wa pawa saplai, tumia nyaya zake tu. Narudia, zake tu. Upande wa mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) na kadi, plagi kwa kawaida zina mpangilio mmoja, lakini upande wa pawa saplai kila mtengenezaji anapanga pini anavyotaka, hata modeli mbili za kampuni moja zinaweza kutofautiana. Plagi inaingia vizuri kabisa alafu inapeleka volti 12 sehemu ya volti 5 na hadi diski zako zinaungua kabla hujashtuka. Ukinunua iliyotumika na nyaya "za kuazima", usiiwashe na vifaa vyako mpaka umezipima waya moja moja kwa maltimita.

Kipimo cha kwanza: je inaamka?

Itoe kwenye kompyuta au chomoa plagi zote kwenye vifaa, iweke juu ya meza kavu isiyo ya chuma. Chukua plagi ya pini 24. Ichomeke ukutani, washa swichi ya nyuma, usiunganishe kitu chochote bado. Weka maltimita kwenye volti za DC kipimo cha 20, ncha nyeusi kwenye waya wowote mweusi, ncha nyekundu uanze kutembea nayo. Katika hali hii pini mbili tu ndo zinatakiwa kuwa na volti. Ya zambarau, ambayo ni pini ya 9, lazima isome karibu 5, huo ni umeme wa kusubiri unaofanya kazi hata kompyuta ikiwa imezimwa. Na ya kijani, pini ya 16, nayo itaonyesha volti kadhaa, kwa kawaida kati ya 3 na 5. Zingine zote sifuri. Hii inasaidia sana siku hizi ambapo nyaya zote ni nyeusi, unaitambua ya kijani bila kuiona rangi, ila bado thibitisha na mchoro wa pini kwenye kitabu chake. Zambarau ikiwa sifuri hamna haja ya kuendelea, angalia soketi na swichi tena, kama ziko sawa basi pawa saplai imekufa upande wa kusubiri.

Sasa zima swichi ya nyuma, unganisha pini ya kijani na mweusi wowote kwa kile kipande cha waya, jirani yake pini ya 17 ni nyeusi kwahiyo ndo rahisi zaidi. Hakikisha waya umekaa vizuri na haugusi pini nyingine. Washa swichi. Inatakiwa kuamka.

Hapa watu wanachanganyikiwa: feni inaweza isizunguke kabisa au izunguke kidogo ikasimama, na pawa saplai ikawa nzima. Nyingi za wati kubwa zina mfumo wa kusimamisha feni mzigo ukiwa mdogo ili kupunguza kelele, na nyingine zina swichi ndogo nyuma ya kuzima mfumo huo. Usiitupe kwa sababu ya feni, pima volti.

Namba zenyewe ni hizi. Njano ni +12V, ikubalike kati ya 11.40 na 12.60. Nyekundu +5V, kati ya 4.75 na 5.25. Machungwa +3.3V, kati ya 3.14 na 3.47. Zambarau kama nyekundu. Bluu ni −12V, hiyo inaruhusiwa kupishana zaidi, kutoka 10.8 hadi 13.2 upande wa hasi, na kwenye baadhi ya pawa saplai mpya haipo kabisa, usishtuke. Waya wa kijivu, pini ya 8, ndo unaoiambia mazabodi "umeme uko sawa endelea", usome karibu 5 baada ya kuamka. Kijivu ikibaki sifuri wakati volti zingine ziko vizuri, kompyuta haitawaka au itawaka na kuzima hapo hapo, na mtu asiyepima hii pini atabadilisha mazabodi bure. Vile vitesta vidogo vyenye skrini vinapima mambo haya haya kwa haraka na vinaonyesha pia muda ambao kijivu inachukua kufika volti 5, kwa milisekunde, kwa viwango vya zamani ni kati ya 100 na 500. Ni vizuri kwa kazi ya haraka, ila mzigo vinaouweka ni mdogo mno, kwahiyo kitesta kikisema poa maana yake umemaliza kipimo cha kwanza, sio cha mwisho.

Mzigo wenyewe

Hapa ndo kazi ilipo, na hapa ndo watu wanaishia njiani.

Rudisha kwenye kompyuta. Hifadhi kazi zako zote, tena ikiwezekana nakili mafaili muhimu pembeni, maana kuzima ghafla mara nyingi sio kuzuri kwa diski. Unahitaji programu ya kuchosha prosesa na kadi ya grafiki kwa pamoja. OCCT ina kipimo cha pawa kinachofanya hivyo kwa mkupuo, la sivyo endesha Prime95 (ya prosesa) na FurMark (ya kadi) kwa wakati mmoja. Moja peke yake haitoshi, kwa sababu unataka mzigo wote udondokee kwenye 12V kwa pamoja.

Kabla hujaanza, pima 12V mashine ikiwa imetulia. Pima sehemu mbili: kwenye plagi ya pini 24, na kwenye plagi ya umeme ya kadi ya grafiki. Unaingiza ncha ya maltimita kwa nyuma ya plagi, pale waya unapoingilia, taratibu mpaka iguse chuma. Tafadhali zungushia utepe wa umeme kwenye ncha ya maltimita ubakishe milimita chache tu za mwisho, maana pawa saplai yenye uwezo wa kutoa ampea 80 ukiipiga shoti kwa bahati mbaya itakuonyesha cheche ambazo hutozisahau. Kama mkono wako hautulii, unganisha kabla ya kuwasha, uache ncha imekaa yenyewe. Ila ile plagi ndogo ya pini 16 ya kadi mpya za grafiki usiingize chochote kwa nyuma, pini zake ni nyembamba na zikilegea umejitengenezea tatizo la joto, pima kwenye plagi za pini 8 au kwenye ile ya prosesa.

Anzisha mzigo. Dakika tano za kwanza usiondoke, sikiliza na unuse. Alafu iache iende nusu saa angalau, maana pawa saplai nyingi mbovu zinapita dakika kumi zikiwa baridi na zinaanza kuyumba joto likishapanda. Pima tena sehemu zile zile mbili. Kushuka kwa 0.1 au 0.2 ya volti ni kawaida kabisa. Ikishuka mpaka inakaribia 11.4, simamisha. Na linganisha zile sehemu mbili: kama pini 24 inasoma 12.05 na plagi ya kadi inasoma 11.5, basi pawa saplai yenyewe inatoa vizuri, kinachokula volti ni waya au mgusano wa plagi, na hiyo volti inayopotea inageuka joto pale pale kwenye plagi. Kama zote mbili zimeshuka pamoja, hapo ndo pawa saplai yenyewe inazidiwa.

Volti zinazoonyeshwa na programu kwenye skrini zisikupe presha wala zisikupe amani. Zinatoka kwenye sensa za mazabodi na zinaweza kudanganya kwa kiasi kikubwa, utaona 11.2 kumbe maltimita inasema 12.0. Zitumie kuangalia mwelekeo tu, kama inashuka ghafla au imetulia.

Sasa ile mita ya ukutani. Tuseme inasoma wati 780 mzigo ukiwa juu, na ufanisi ni kama asilimia 90, basi pawa saplai inatoa kama wati 700. Kama lebo yake ni 1200, we umeipima mpaka 700, hiyo 500 iliyobaki huijui. Hilo ni sawa kabisa kama mashine yako haitavuka hapo, ila kama unampimia mtu mwingine anayetaka kuweka kadi kubwa zaidi, mwambie ukweli umefika wapi. Bila mita hii watu wanasema "nimeipima ina nguvu" wakati mashine yao ilivuta wati 300 tu.

Ukitaka kufika mpaka wati za mwisho unahitaji mzigo wa elektroniki, kifaa cha maabara kinachovuta ampea unazotaka. Kuna wanaotumia balbu za taa za gari za volti 12 wati 55, wanazipanga nyingi kwa pamoja. Inafanya kazi lakini balbu ikiwa baridi inavuta umeme mwingi mno sekunde ya kwanza, ulinzi wa pawa saplai unaweza kuruka ukadhani ni mbovu, na joto la balbu kumi sio mchezo. Kama hujazoea nyaya nene na ampea nyingi, achana nayo.

Mzigo unaoruka

Kuna pawa saplai zinapita nusu saa ya OCCT bila kutetereka alafu zinazima kwenye gemu jepesi. Sababu ni kwamba kadi za kisasa hazivuti umeme kwa utulivu, zinaruka, kwa muda mfupi sana zinaweza kuvuta mara mbili ya kawaida yake. Ndo maana kiwango cha ATX 3.0, yaani kanuni za utengenezaji wa pawa saplai zilizotoka 2022, kikataka pawa saplai zenye ile plagi mpya ya kadi ya pini 16, za zaidi ya wati 450, ziweze kuvumilia hadi asilimia 200 ya wati zake kwa mikrosekunde 100. Pawa saplai ya kabla ya hapo inaweza kuwa nzima kabisa na bado ulinzi wake ukaona mruko huo kama hitilafu ikajizima. Kwahiyo baada ya mzigo uliotulia weka mzigo wa kuwasha na kuzima: anzisha na simamisha kipimo cha grafiki mara nyingi mfululizo, au cheza gemu bila kikomo cha fremu, ingia toka kwenye menyu. Inayozima hapa na haikuzima kule, shida yake ni miruko.

Jinsi inavyozima nayo ni taarifa. Ikizima kabisa na haikubali kuwaka mpaka uzime swichi ya nyuma usubiri kidogo, huo ni ulinzi wake umeruka, wa ampea, wa shoti au wa joto. Ikijirestati yenyewe bila kuzima, inaweza kuwa ile pini ya kijivu imedondoka kwa muda, lakini pia inaweza kuwa memori au prosesa iliyosukumwa kupita kiasi, kwahiyo rudisha mipangilio yote ya BIOS (programu ya msingi ya mazabodi) kwenye kawaida kabla hujahukumu. Kwenye Windows utaona tukio la Kernel-Power namba 41, na watu wanakimbilia kusema pawa saplai imekufa. Tukio hilo linasema tu kwamba mashine ilizimika bila utaratibu, halisemi nani kasababisha. Kithibitisho kizuri zaidi bado ni kuazima pawa saplai nyingine nzima, pamoja na nyaya zake, uweke mzigo ule ule.

Plagi ya kadi

Plagi ya pini 8 ya kadi imepangiwa wati 150. Kama kadi ina matundu mawili au matatu, peleka nyaya tofauti kutoka pawa saplai, usitumie waya mmoja wenye vichwa viwili kwa kadi inayokula sana. Ile ya pini 16 inaruhusiwa hadi wati 600, ambazo kwa volti 12 ni ampea 50 zikipita kwenye pini sita tu, zaidi ya ampea 8 kila pini, karibu kabisa na kikomo chake. Hapo hamna nafasi ya uzembe. Isukume mpaka mwisho, usione pengo, waya usikunjwe pale pale inapoingilia. Toleo lililorekebishwa, 12V-2x6, lilifupisha pini ndogo za ishara ili plagi isiyoingia vizuri isiruhusu umeme mwingi, lakini halikuondoa haja ya kuangalia kwa macho. Baada ya nusu saa ya mzigo, pima joto la plagi kwa kipimajoto cha infraredi kama unacho, alafu zima, chomoa ukutani, iache ipoe, toa plagi uangalie pini moja moja. Rangi ya kahawia, plastiki iliyolainika au harufu ya kuungua, waya huo hautumiki tena hata kama mashine ilikuwa inafanya kazi.

Mlio mwembamba kama wa mbu wakati wa mzigo mkubwa mara nyingi ni koili zinatetemeka, inakera ila sio ubovu. Mlio wa kupasukapasuka na harufu ya samaki au ya plastiki ndo wa kuzima haraka.

Kitu kimoja ambacho maltimita haitakuonyesha ni mtikisiko mdogo wa haraka juu ya volti, unaohitaji osiloskopu, kifaa kinachochora wimbi la umeme kwenye skrini. Kikomo ni milivolti 120 kutoka chini hadi juu kwenye 12V, na 50 kwenye 5V na 3.3V. Pawa saplai yenye kapasita zilizochoka inaweza kusoma 12.02 safi kabisa kwenye maltimita huku ikitikisika kupita kiasi, na dalili yake ni mashine kugoma ovyo bila mpangilio. Kwa iliyotumika miaka mingi, hasa iliyokuwa inachimba sarafu za kidijitali usiku na mchana, tafuta fundi mwenye osiloskopu kama unaweza.

Kama unatumia UPS, yaani betri ya akiba inayobeba kompyuta umeme ukikatika, jaribu na hilo. Mzigo ukiwa wa wastani, chomoa UPS ukutani uone kama kompyuta inabaki hai. Ikizima, kabla hujalaumu pawa saplai angalia UPS ina wati ngapi halisi, sio VA, maana UPS ndogo haiwezi kubeba mashine ya wati 700 hata sekunde moja. Na kuna UPS za bei ya chini zinazotoa wimbi la ngazi ngazi ambalo pawa saplai za kisasa zingine hazilipendi.

Mwisho, zima kila kitu, chomoa ukutani, iache usiku mzima ipoe kabisa alafu asubuhi iwashe kwa baridi. Kapasita zilizozeeka zinasumbua zaidi zikiwa baridi, unabonyeza mara mbili tatu ndo inawaka, alafu ikishapata joto inafanya kazi siku nzima kama haina shida. Ikiwaka kwa mbonyezo mmoja, pima tena zambarau, njano, nyekundu na machungwa, andika namba zake kwenye karatasi pamoja na zile za wakati wa mzigo na wati za ukutani, ubandike ndani ya kasha. Siku mashine ikianza kugoma utapima tena na utajua kama kuna kilichobadilika.